Shangazi na Binamu Meza Moja

Siku wifi yangu alipoitwa mwizi na mtu ambaye hajawahi kumwona sura, alikuwa anamenya kitunguu. Kwa hiyo hatukujua, na hatutajua kamwe, machozi yale yalikuwa ya nini.

"Nisomee tena," akaniambia.

Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Nikaichukua, nikamsomea tena taratibu kama karani wa mahakama. Ujumbe ulikuwa wa mtu anayejiita Kondakta, na aliuandika kwenye ubao wa mchezo wa karata wa wifi, mahali ambapo kila mchezaji anaona: "Jamani, nyumba hii inaiba. Wachezaji wa mashine wanajua karata zetu. Nimecheza karata miaka arobaini ndani ya treni, mwizi namjua kwa harufu. Mimi na wenzangu tunahama Jumapili. Mwenye akili atufuate."

"Miaka arobaini anacheza karata kwenye treni," nikasema. "Tiketi alikuwa anakata saa ngapi?"

Wifi hakucheka. Alikikata kile kitunguu vipande vikubwa vikubwa, vya mtu asiyekusudia kula.

Huyu ni dada wa mume wangu, anayemfuata kuzaliwa, na tunaishi nyumba moja mwaka wa ishirini sasa. Ana shingo ndefu na ulimi mfupi. Mimi Mungu alinigeuzia. Kwa miaka kumi na saba aliketi kwenye chumba cha simu cha hospitali, mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, vizibo viwili vya kusikilizia masikioni. Mtu akipiga anataka wodi ya wazazi, yeye anachomeka waya hapa, anachomeka pale, anasubiri "haloo" mbili, kisha anainua kitufe na kuwaacha wenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kwanza ya kazi yao: opereta anaunganisha, hasikilizi. Na yeye alikuwa hasikilizi kweli. Mimi niliolewa kwenye familia hii nikiwa na matumaini makubwa ya umbea wa hospitali. Nikaambulia patupu. Hata daktari mkuu alipofunga ndoa ya pili, mimi nilisikia sokoni, naye alikuwa amemuunganishia simu zote.

Halafu wakaleta mtambo mpya, unaojiunganishia wenyewe. Wifi wakampa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Mtu mwingine angeupiga teke ule mtambo. Yeye alimsogelea fundi aliyekuwa anaufunga, akamuuliza, "Humu ndani kuna nini hasa?" Yule fundi, kwa mzaha tu, akamwazima kitabu. Alikisoma mpaka jalada likadondoka, nikamshonea jingine la jinzi. Akaenda darasa la Jumamosi, akakaa dawati moja na watoto waliokuwa wanamwamkia shikamoo na kunakili majibu yake. Mwaka wa nne akatuonyesha mchezo wake.

Ni karata zile zile za nyumbani. Watu wanne, kila mtu na karata kumi na tatu, mmoja anaweka, wengine wanafuata rangi, mwenye kubwa anakula, na turufu inakula zote. Kila mtu anacheza kivyake. Hupakui kitu kwenye simu. Unafungua ukurasa kama unavyofungua ukurasa wa habari, unakaa mezani na watu ambao wako huko waliko, kila mmoja kwenye kochi lake.

Anayegawa karata ni kisanduku cheusi kisicho na kioo wala vitufe, kilichokaa juu ya kigoda sebuleni kwetu, kati ya cherehani yangu na jokofu. Wifi anakiita seva. Mimi nakiita Mkwe, kwa sababu kinakaa kimya, kinataka mahali penye ubaridi, na hakuna anayethubutu kukigusa. Kurasa zote za wachezaji zinazungumza na Mkwe. Mkwe anazijua karata zote, lakini anamwambia kila mtu zake tu. Ndani yake kuna feni ndogo. Meza zikiwa chache inanong'ona, zikiwa nyingi inavuma. Mimi nilikuwa naweza kushona huku nimempa kisogo nikakwambia, "Wifi, leo umefika meza thelathini," na nikakosea kwa meza moja au mbili.

Sasa, watu watatu wakikaa na kiti cha nne kikawa wazi, nani anataka kusubiri? Hapo ndipo wifi alipotunga wachezaji wa mashine. Hawana mwili. Ni akili tu inayokaa ndani ya Mkwe, inaangalia karata ilizogawiwa, inapiga hesabu, inaweka. Wako watatu na kila mmoja ana tabia yake. Shangazi anabania turufu kama sahani za wageni. Binamu anatupa karata kubwa mapema, kama mtu aliyealikwa harusini kwa mara ya kwanza. Mjomba Pole anacheza salama, hata kama ana mkono wa kutisha. Mwanzoni walikuwa wanaweka karata kabla hujaondoa kidole chako, mpaka mimi nikamwambia wifi, "Watoto wako hawana adabu. Mtu akicheza, mwenzake avute pumzi kwanza." Akawafundisha kusubiri kidogo. Watu wakaanza kuwapenda. Wako waliokuwa wanamtumia Shangazi salamu za Jumapili.

Kwa hiyo mtu kusema watoto hao ni wezi halikuwa jambo dogo. Na lilikuja wiki mbaya kuliko zote.

Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Mtunza stoo wake alikuwa amepata kazi kwingine na anaondoka Jumatatu. Mume wangu haamini mtu yeyote na misumari yake isipokuwa dada yake. Alikuwa ameshasema mezani, mbele yangu, kijiko mkononi: "Mdogo wangu, nimekaa kimya mwaka mzima. Ukisema hiyo ni kazi, sawa, ni kazi. Lakini kazi ina watu. Jumapili jioni nitaangalia. Watu wako wakiwepo, sitafungua mdomo tena maisha yangu. Wasipokuwepo, Jumatatu saa mbili uko stoo unanihesabia bawaba."

Wifi alikuwa amejibu, "Sawa, kaka." Alisema sawa kwa sababu meza zilikuwa thelathini na kitu kila siku, wala hakuona hatari. Sasa Kondakta anatangaza kuhama Jumapili hiyo hiyo, na Kondakta alikuwa na wafuasi. Ni wastaafu wenzake, wana muda, na wana simu.

"Mjibu," nikasema.

"Mikono ina kitunguu."

"Niambie, mimi niandike."

Akaniambia niandike kwamba wachezaji wa mashine hawaoni karata ya mtu yeyote, na kwamba amechukua malalamiko yake. Nikaandika hivyo. Halafu, kwa kuwa nafasi ilikuwepo, nikaongeza cha kwangu: "Asiyejua kushindwa akacheze peke yake, atashinda kila siku."

Nilidhani nimepiga msumari. Kumbe nimepiga kidole. Kesho yake, Alhamisi, naunga mikono ya gauni, nikasikia Mkwe ananong'ona. Saa nne asubuhi, saa yake ya kuvuma, ananong'ona. Wifi aliangalia kioo cha kompyuta yake, meza kumi na tisa. Ubaoni watu walikuwa wanayanakili maneno yangu na kuweka alama za mshangao.

"Wifi," akaniita kwa upole ambao mimi nauogopa kuliko kelele, "hili la kucheza peke yake, nilikwambia mimi?"

"Liliteleza."

"Liliteleza herufi kwa herufi?"

Siku ile nzima aliisoma programu yake mstari kwa mstari. Alitumia rula yangu ya kukatia. Anaiweka chini ya mstari, anasoma, midomo inatembea, anaishusha. Kila baada ya muda ananiambia mimi, au anaiambia rula, "Hapa Shangazi anapewa karata kumi na tatu zake. Zake tu. Hapa Binamu, zake tu. Hakuna mahali wanapoonyeshwa za mtu." Chakula cha mchana kilipoa pembeni yake. Mume wangu alirudi, akatazama kile kisanduku, akamtazama dada yake, akaenda kuoga bila neno. Afadhali angesema.

Mimi programu sizijui, karata nazijua. Ijumaa mchana, pasi inapata moto, nikachukua simu yangu nikaingia mezani. Tulikuwa watu watatu na Shangazi. Nikamshinda. Nikarudia, nikamshinda tena, na turufu zake zote kazikumbatia mpaka mwisho. Nikasema huyu mwizi gani huyu, mwizi anayeibiwa.

Mtu mmoja akatoka, Binamu akakaa pale. Sasa tukawa mimi, mtu mwingine mmoja, Shangazi na Binamu. Mchezo ukabadilika kama maziwa yaliyotiwa limau. Nikashindwa. Nikarudia, nikashindwa. Mara ya tatu nikaacha kutazama karata zangu, nikawatazama wao. Binamu, mtupaji wangu yule, katulia kama bibi harusi. Mfalme wa kopa anaye, lakini haweki, anasubiri mpaka Shangazi ametoa ree, ile kubwa kuliko mfalme. Kajuaje ree iko kwa Shangazi? Na Shangazi, mbanizi yule, kamwaga turufu mapema pale pale ambapo Binamu hana cha kupoteza.

Pasi ilikuwa inanukia kuungua. Nikaichomoa. Mkono wangu, bila kuuagiza, ukapanda ukakuna pua.

Hapo nikaelewa.

"Wifi!" nikaita. "Shangazi na Binamu wanakonyezana!"

"Hawana macho," akajibu, rula mkononi.

"Basi wananong'onezana. Mmoja akikaa peke yake ni mjinga. Wakikaa wawili ni mke na mume."

"Mke na mume wanaingiaje hapa?"

Kuna mambo mtu anapanga kuzikwa nayo. "Unakumbuka," nikasema, "nilipoolewa, tulivyokuwa tunacheza barazani? Wewe na mama upande ule, mimi na kaka yako upande huu?"

"Nakumbuka. Mlikuwa na bahati sana."

"Haikuwa bahati. Nikikuna pua, nina ree ya kopa. Sikio, shupaza. Kaka yako akikohoa, ana turufu."

Aliiweka rula chini. Alinitazama, ile shingo imesimama wima.

"Miaka mingapi?"

"Kama sita."

"Mama alikuwa anamchemshia kaka tangawizi," akasema polepole. "Kila Jumapili. Kwa ajili ya kile kikohozi."

"Na aliinywa yote, maskini."

Nilingoja nipigwe na ile rula, na ningeistahili. Lakini akawa ameshaondoka, kwa maana ya akili. Mwili ulikuwa pale, macho yameenda kwa Mkwe. "Wawili wakijuana," akawa anasema peke yake, "wanajua karata ishirini na sita. Zilizobaki ishirini na sita ni za watu. Watatu wakijuana, wanajua thelathini na tisa. Zilizobaki kumi na tatu..." Akageuka. "Wifi! Kondakta anacheza saa ngapi?"

Nikaangalia ubaoni. Kila siku saa kumi na moja alfajiri. Mstaafu, usingizi umemkimbia.

"Saa hiyo hakuna mtu," akasema. "Anakaa na mashine tatu. Kila siku anakaa na mashine tatu. Karata zake zote kumi na tatu wanazijua kama wamezishika wao." Akaketi kwenye kiti changu cha cherehani, ambacho hakuna anayekikalia. "Yule mzee anasema kweli."

Kosa lenyewe alinieleza kwa lugha ninayoielewa. Mkwe ni mdogo, hana nafasi ya kuchezea. Kwa hiyo ili kubana, wifi alikuwa amewapa wachezaji wa mashine daftari moja kwa kila meza, la kuandikia karata zilizokwisha kutoka. Kila mmoja zamu yake ikifika, anafungua daftari, anaandika na karata zake ili apige hesabu, anacheza, anamwachia mwenzake. Ukurasa wa karata zake alipaswa kuuchana. Wifi alisahau kuandika amri ya kuchana. Shangazi akifungua daftari, anakuta mwandiko wa Binamu. Ndiyo maana rula haikuona kitu. Kila alichowapa kilikuwa sawasawa. Ila hakufunga walipomaliza.

"Nimeacha laini wazi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Miaka kumi na saba, wifi. Simu za vifo, za mimba, za talaka. Sijawahi kuacha kitufe chini hata siku moja. Leo niko nyumbani kwangu, nimeacha laini wazi."

Kikulacho ki nguoni mwako, nilitaka kusema, lakini kwa mara moja ulimi ukanionea huruma, ukakaa.

Kurekebisha kulichukua mistari kumi na moja, saa moja na nusu hivi. Mimi kupunguza kiuno cha suruali hunichukua zaidi. Akampa kila mchezaji daftari lake, na kila daftari likachanwa mchezo ukiisha. Mkwe akaanza kuvuma zaidi, maana sasa anabeba madaftari matatu pale alipobeba moja, na joto lake ukiweka kiganja unalisikia.

"Vizuri," nikasema. "Imekwisha. Sasa nyamaza. Waache wacheze wenyewe waone mambo yamenyooka. Nani atajua?"

"Opereta akiacha laini wazi," akasema, "anawapigia wote wawili na kuwaambia. Ndiyo kanuni."

"Hospitali ile imeshakutoa, kanuni ya nini?"

"Walinitoa mimi. Kanuni niliondoka nayo." Akanawa mikono, akaikausha, na simu akaishika mwenyewe. Nilivyonyoosha mkono, akaisogeza upande wa pili. Akaandika: "Kondakta ana haki. Wachezaji wangu wa mashine walikuwa wanasomeana karata wakikaa zaidi ya mmoja. Sikujua, lakini ni kosa langu. Nimelirekebisha leo. Namwomba msamaha yeye na kila aliyeshindwa kwa njia hiyo. Na yale maneno ya kucheza peke yake yaliandikwa na wifi yangu, fundi cherehani, ambaye naye anaomba msamaha."

"Mimi sijaomba."

"Unaomba."

Nikaomba, nikawa nimeomba.

Kondakta hakujibu Ijumaa. Jumamosi meza zikashuka kumi na mbili, maana sasa wale waliokuwa na wasiwasi wamethibitishiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Mume wangu akaleta koti la stoo, la bluu, akalitundika nyuma ya mlango. "Nimelileta tu," akasema, "liwe limepigwa pasi." Nikamwambia pasi yangu imeharibika.

Jioni ndiyo jibu likaja: "Jumapili saa kumi. Nikae na mashine zote tatu. Watu wote watazame. Nikiona ujanja hata mmoja, mnanifuata njiani. Nisipouona, nitasema."

Wifi akaandika neno moja: "Karibu."

Jumapili saa tisa na nusu, sebule ilikuwa imepangwa kama chumba cha upasuaji. Pasi imechomolewa, cherehani imefunikwa, mapazia yamefungwa jua lisimguse Mkwe. Mume wangu alikuja na simu yake na waya wa chaji, akainama kwenye soketi.

"Toa mkono," nikamwambia.

"Asilimia nne imebaki!"

"Izimike. Leo umeme ni wa Mkwe peke yake, baba watoto. Kaa chini, kunywa chai yako."

Mchezo wa wifi unaruhusu watu kutazama meza bila kucheza, karata zikiwa zimefunikwa mpaka zinapowekwa. Kufika saa kumi walikuwa wamejaa watazamaji mia moja na kumi. Mkwe akapandisha sauti. Wifi alikaa mbele ya kioo chake, mikono katikati ya magoti. Aliniambia baadaye kwamba kilichokuwa kinamuuma si koti la bluu. Alikuwa anaogopa kwamba kuna laini nyingine iliyo wazi, asiyoijua.

Karata zikagawiwa. Kondakta akaweka, Binamu akaweka, Shangazi, Mjomba Pole. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yule mzee anajua kucheza, nisimnyime haki yake. Anahesabu, anasubiri, anakutega. Mpaka ya saba alikuwa amekula nne. Nikaanza kufurahi, halafu nikaona wifi hafurahi.

"Akishinda si ndiyo vizuri?" nikamnong'oneza.

"Akishinda atasema nimemwachia."

"Na akishindwa?"

"Atasema nimemwibia."

Kumbe kulikuwa hakuna mlango! Nikaguna. Mume wangu akaguna. Hata Mkwe, naapa, aliguna.

Raundi ya tisa Kondakta akaweka kopa ndogo. Zamu ya Binamu. Na Binamu, mwana wa harusi, akarudia tabia yake ya asili: akatupa mfalme wa kopa katikati ya meza kwa mbwembwe, aile raundi ile. Ikafika kwa Shangazi. Shangazi hakuwa na kopa. Akavuta ile pumzi niliyowafundisha. Halafu akatoa turufu ndogo aliyoibania tangu mwanzo, akamla Binamu, mfalme na ufalme wake.

Ubaoni mtu akaandika "He!" Wa pili akaandika "He!" Zikashuka "He!" kama mvua ya mawe.

Raundi ya kumi na moja, Mjomba Pole naye akamkanyaga Shangazi. Wale watatu walikuwa wanakulana wenyewe kwa wenyewe kama watu wasiojuana kabisa. Raundi ya mwisho Kondakta alihitaji moja tu. Akaweka ree ya shupaza, karata ambayo mtu anaiweka huku ameshasimama kushangilia. Binamu akafuata na tatu. Shangazi akafuata na mbili. Mjomba Pole akavuta pumzi, akavuta tena, kwa unyenyekevu mkubwa akaweka turufu ya mwisho iliyobaki. Mjomba Pole akawa mshindi. Kondakta wa pili.

Watazamaji mia moja na kumi hakuna aliyeandika. Feni tu. Mume wangu akaweka kikombe mezani, akaliangalia koti nyuma ya mlango, na kwa heshima yake sikusikia furaha kwenye sauti yake aliposema, "Mdogo wangu, basi..."

"Ngoja," akasema wifi.

Tukangoja. Yale maandishi ya kuonyesha kwamba mtu anaandika yakatokea, yakapotea, yakatokea. Wazee wanaandika kwa kidole kimoja. Mwisho ikaja:

"Nimeshindwa. Kwenye treni niliwakamata wezi wa karata wengi, na wote walikuwa na dalili moja: mwizi hamli mwizi mwenzake. Leo Shangazi kamla Binamu mchana kweupe, mbele za watu. Hawajuani hawa. Opereta, nimekubali. Fungua meza, nataka marudiano na huyo Mjomba mnafiki."

Halafu chini yake: "Na fundi cherehani nimemsamehe. Nusu."

Sijawahi kusikia Mkwe akivuma vile. Meza ishirini. Meza thelathini na tatu. Meza arobaini na moja. Wifi alisimama ghafla, akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, karatasi yangu ya mchoro wa gauni la mteja, akaanza kumpepea Mkwe kwa nguvu zote huku anacheka na yale machozi yakimtoka, na safari hii hapakuwa na kitunguu hata kimoja sebuleni.

"Kola hiyo unaikunja!" nikapiga kelele, nikachukua mchoro wa sketi nikapepea upande wa pili.

Mume wangu alitutazama tunavyompepea mkwe wetu. Akainuka, akalitoa koti la bluu mlangoni, akalikunja mara nne, akalitia kwenye mfuko wa plastiki. "Kesho nitabandika tangazo dukani," akasema. "Natafuta mtunza stoo." Alikuwa ameahidi kutofungua mdomo tena maisha yake, na ahadi hiyo aliishika kwa dakika kama nne hivi. Kisha akauliza, "Hivi na mimi naweza kukaa meza moja?"

Wiki iliyofuata wifi aliongeza mchezaji wa nne wa mashine. Hakuniambia. Nilikutana naye mwenyewe mezani: anacheza ovyo, hajui kuhesabu, anajiamini kupita kiasi, na jina lake ni Mkuna Pua. Watu wanapenda kumshinda. Kondakta humshinda kila alfajiri kabla ya chai, kisha ananitumia salamu.

Jana mchana nilikuwa napindua kola, wifi yuko na rula yake, mume wangu amejilaza kochini na simu, anacheza. Mkwe anavuma pale pale kwenye kigoda chake. Nikasikia mume wangu anakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu kidogo. Nikainua macho. Alikuwa ameikodolea simu, mkono uko sikioni, anakuna, anamtazama Mkuna Pua mle simuni na kusubiri.

"Kaka," akaita wifi bila kugeuka, "nikuchemshie tangawizi?"